Ceska 75 B, Compact ama P-01: uzoefu wangu hapa Malindi

Nianze na jibu kabla ya maneno mengi, manake najua kuna mtu anajiandaa kwenda kuchukua bastola ya Ceska, zile za Cheki, na anataka tu kuambiwa achukue gani. Kama unakaa Pwani na unaibeba karibu kila siku, chukua P-01. Kama yako itashinda kwenye sefu, ama ni ya kwenda nayo renji tu, kule kwenye uwanja wa kulenga shabaha, chukua 75 B na usibabaishwe na mtu. Compact ya chuma ni nzuri, sisemi ni mbaya, lakini mimi sikuiona kazi yake. Sasa nieleze kwa nini, na mnivumilie manake mimi nikifunguliwa habari za Ceska kunyamaza ni shida.

Mimi ni mtu wa hadiwea, duka liko hapa mjini, lakini wateja wangu wakubwa wako upande wa Mambrui na Gongoni mpaka Marereni kule kwenye viwanda vya chumvi, na ijapokuwa siku hizi kila mtu analipa kwa simu bado kuna wazee hawataki kusikia hayo mambo, yeye anakuhesabia noti mkononi tena pole pole na kiza kinaingia, ndio urudi nazo Malindi. Hiyo ndiyo sababu nliyoandika kwenye fomu. Mambo ya leseni siyarefushi, wenye nazo wanajua shughuli yake, Firearms Licensing Board, cheti cha tabia njema, daktari, mahojiano, na tangu ule uhakiki wa wenye silaha ulioanza mwisho wa 2018 kila kitu ni karatasi. Kama huna leseni basi hapa hapakuhusu, nenda kasome habari za simu mpya.

Haya. Hizi tatu ni ukoo mmoja. Ya kwanza kabisa, 75, imeitwa hivyo kwa mwaka wa 1975, ilitoka Uherský Brod wakati nchi bado ni Chekoslovakia, aliyeongoza kuibuni ni František Koucký, na kinachonifurahisha mimi ni kwamba waliitengeneza kwa risasi ya 9 kwa 19 ya kina Magharibi ambayo jeshi lao wenyewe halikuwa likiitumia, yaani tangu mwanzo walikuwa wanawaza soko la nje. Ile B ni ya baadaye, imeongezwa bloku inayozuia ile pini ya kufyatulia isiguse risasi mpaka triga ivutwe mpaka mwisho. Compact ni B iliyopunguzwa bareli na mpini. P-01 ni saizi ya Compact lakini fremu ni ya aluminiamu, mbele chini ina reli ya kufungia tochi, polisi wa Cheki waliichukua 2001. Polisi wetu hapa Kenya pia mnawaona na Ceska kiunoni kwa hivyo fundi wa kuijua hakosekani, na hilo si jambo dogo.

Nimekaa na 75 B miaka kadhaa kabla ya kuibadilisha na P-01 kwa dila mwenye kibali, karatasi zikafuata. Compact nimeipiga renji tu kule Mombasa, lakini nimeipiga ya kutosha.

Tuanze na uzito kwa sababu ndio kila mtu huuliza. 75 B ni kama kilo nzima ikiwa tupu. Compact gramu 920. P-01 iko kwenye 800 hivi. Ukisoma utasema gramu mia mbili ni nini, ni sukari robo haifiki, lakini ivae kiunoni kutoka saa mbili asubuhi na joto la kaskazi hili la Januari, shati limekushika mgongoni, unapanda na kushuka kwenye pikapu, jioni nyonga itakupa habari. Tena watu hukazania urefu wa bareli wakati kinachokuumbua hasa ni mpini. Bareli imejificha ndani ya suruali hakuna anayeiona, mpini ndio unasukuma shati nje ukiinama kuokota kitu, na wa 75 B ni mrefu, nikikaa kwenye kiti cha gari unanichoma ubavuni. P-01 na Compact mpini wao umekatwa, ukivaa shati la kutolea nje hakuna anayejua. Risasi unapoteza mbili, 75 B inakula 16, hizi ndogo 14. Mimi hizo mbili sijawahi kuzililia.

Hapo mtu atauliza, kama Compact na P-01 ni saizi moja, si nichukue ya chuma itulie zaidi mkononi? Ni kweli inatulia, ukipiga risasi za haraka haraka chuma kinameza mshindo na ile ya aluminiamu inaruka kidogo. Lakini mtu wa kubeba hapigi risasi kila siku, anabeba kila siku.

Sasa hapa pa seifti ndipo watu wengi wanapita mbio na ndipo pa kutulia. 75 B ya kawaida ina seifti ya kidole, yaani levya ya kuifunga isifyatuke, na hiyo seifti inakubali kufungwa hama, ile nyundo ndogo ya nyuma, ikiwa imevutwa nyuma tu. Kwa hivyo una njia mbili. Ya kwanza ubebe hama imesimama nyuma na seifti juu, halali kabisa, iliundwa hivyo, lakini ukimwonyesha mama watoto atakulaza nje. Ya pili uishushe hama, na kuishusha maana yake ni kuikamata kwa kidole gumba huku unavuta triga na risasi iko ndani ya bareli. Fikiria kidole kina jasho. Mimi sikuipenda hiyo kazi hata siku moja, nlikuwa naifanya nimeelekeza kwenye gunia la mchanga na roho iko juu juu.

P-01 haina hiyo seifti, badala yake mahali pale pale pana levya ya kushushia hama, wenyewe wanaiita dikoka. Unaibonyeza, hama inashuka salama na kukaa nusu njia, kwisha. Risasi ya kwanza triga ni ndefu na nzito, zinazofuata ni fupi na nyepesi. Ule uzito wa kwanza ndio seifti yako, pamoja na ile bloku, na kuweka kidole nje ya triga. Wako wasioweza kuamini bastola isiyo na kitu cha kufunga, sawa, wabaki na B. Pia kuna 75 BD ambayo ni ile kubwa yenye dikoka, kwa hivyo anayetaka chuma kizito bila hiyo shughuli ya kidole gumba, njia ipo.

Kuna jaribio mzee mmoja anayefundisha kule renji alinifanyisha na nawaambia mlifanye kabla hamjatoa pesa. Bastola tupu, magazini, yaani kile kikasha cha risasi, nje, amekagua yeye nimekagua mimi, akaniambia, "Haya kijana, tia mikono kwenye hiyo ndoo ya maji, usifute, sasa vuta slaidi." Nkasema mzee hii nayo ni mtihani gani. Slaidi ni ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma kutia risasi, na wallahi iliniteleza. Kwa nini, kwa sababu Ceska za ukoo huu slaidi inapita ndani ya fremu, si nje yake kama bastola nyingine nyingi, hiyo inasifiwa kwa ulengaji lakini slaidi yenyewe inabaki nyembamba, pa kushika ni padogo, na kwenye hizi fupi springi nliihisi ngumu zaidi ya ile ya 75 B. Hii ndiyo aibu kubwa ya P-01 kwangu. Nmejizoesha kuikamata kwa kiganja kizima kutoka juu badala ya vidole viwili. Mwenye vidole dhaifu ama baridi yabisi asinunue kabla ya hiyo ndoo.

Kutu sasa. Jamani kutu. Mtu wa Nairobi akikwambia bastola yake haijashika kutu mwambie alete hapa wakati wa kusi tuone. Kwenye 75 B yangu haikuanzia bareli wala slaidi kama unavyodhani, manake rangi ile nyeusi wanayoipaka inakinga vizuri ikiwa nzima. Ilianza kwenye kichwa cha hama, pale kidole kinaposugua, halafu vichwa vya skrubu za mpini, halafu ile kona ya nyuma ya fremu inayogusa mwili, rangi imelika kidogo tu na chini yake vidoa vyekundu vidogo vidogo, unafuta leo wiki ijayo viko. Na mimi napita kwenye mashamba ya chumvi, vumbi la kule ukilamba mdomo unalisikia. P-01 fremu ni aluminiamu kwa hivyo ile kona ikichubuka inaonyesha weupe tu, haioti wekundu. Slaidi, hama na pini bado ni chuma, usizisahau.

Dawa yangu ni oili nyepesi, kitambaa kidogo, kila jioni nikirudi safari za Gongoni. Si kumwagia, oili nyingi ikikutana na vumbi inageuka mchanga wa kusagia. Kuifungua ni rahisi, magazini nje, hakikisha chemba ni tupu, rudisha slaidi kidogo mpaka ile mistari miwili ya nyuma ilingane, sukuma pini ya slaidi stopu, ile levya ya ubavuni inayoizuia slaidi, kutoka upande wa pili, basi. Hiyo slaidi stopu itazame kila ukifungua, ukoo huu unajulikana kwa kuikata siku moja moja, wanaopiga mashindano huweka ya akiba. Na holista, ule mkoba wa kuvalia bastola kiunoni, ya ngozi ni ya sherehe, ngozi inakunywa jasho na kulishikilia kwenye chuma, mimi natumia ya plastiki ngumu, na usiku bastola inalala kwenye sefu bila holista, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Ijumaa inabaki humo humo, msikitini siendi nayo.

Kuhusu holista kuna duka moja, silitaji, waliniuzia ya PCR wakaniapia ni kitu kimoja na P-01. PCR ni karibu pacha wake kweli, aluminiamu na dikoka vile vile, ila haina reli, na ile reli ndiyo iliyogoma kuingia. Wakakataa kurudisha pesa. Nenda na bastola yako uipachike mbele yao.

Wenye mkono wa kushoto, hizi zote levya iko upande mmoja tu, utapata tabu. Nyinyi angalieni P-07, fremu ya plastiki, levya pande zote mbili na unaweza kubadilisha seifti iwe dikoka ama dikoka iwe seifti, risasi 15. Mimi sikuichukua kwa sababu ya mkono tu, nikiikamata haikai kama hizi za zamani. P-10 C haina hama kabisa, hiyo ni habari nyingine.

Bei kati ya 75 B na P-01 haikunitoa jasho. Kilichoniuma ni magazini ya ziada, agiza siku ile ile unaponunua bastola, manake ukirudi baadaye utaambiwa subiri mzigo, na za 75 B haziingii kwenye P-01 zikakaa sawa, zinachungulia chini ya mpini na ule ufupi ulioulipia umekwisha.