Windows 11 kwenye EliteBook 840 G3: badili diski kwanza

Laptopu za mtumba za HP EliteBook 840 G3 bado zimejaa Kariakoo na Luthuli Avenue, na siku hizi nyingi zinauzwa zikiwa zimeshapigwa Windows 11. Dukani zinapendeza. Nyumbani unabofya Chrome, kiduara kinazunguka, chai inapoa, ukurasa haujafunguka. Lawama zote anabebeshwa prosesa kwamba kazeeka.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, tazama Disk. Ikiwa imegota 100% huku CPU (prosesa) iko 15%, mchawi umempata.

Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 5.6 sahani izunguke hadi data ilipo, na hapo hujahesabu muda wa kichwa kuhama. Kwa mwendo huo inahudumia maombi kama mia moja tu kwa sekunde. Windows 7 ilivumilia. Windows 11 ikiwaka, Defender, kinga yake ya virusi, inakagua mafaili, indeksi ya utafutaji inajengwa, apdeti zinashuka, OneDrive na Teams zinajifungua zenyewe, na kila mmoja anataka vipande vidogo vidogo kutoka kona tofauti za diski. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, hata ya kawaida ya SATA hubeba makumi ya maelfu ya maombi hayo kwa sekunde. Ndiyo maana Windows 11 juu ya diski ya kuzunguka tunaipa sifuri, hata prosesa iwe i7. Juu ya SSD na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, mashine hiyohiyo inafaa kabisa kwa Word, Excel, Zoom na vichupo kumi vya Chrome.

G3 inachukua SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, na GB 256 zinatosha. Ukifungua mfuniko wa chini, chomoa kwanza waya wa betri, ndipo uguse kingine. RAM ni ya aina ya DDR4 ya laptopu, nafasi mbili. Ukikuta kijiti kimoja cha GB 4, usikitoe. Ongeza cha pili cha GB 4. Viwili hufanya kazi sambamba, na grafiksi ya HD 520, ambayo haina kumbukumbu yake na inakopa kwenye RAM, inafaidika. Watu wengi hupoteza hela hapa: EliteBook 840 G2 inatumia RAM ya zamani ya DDR3L, na ThinkPad T460, japo ni kizazi cha 6 kama G3, nayo ni DDR3L. Mkato wa kijiti ni tofauti, hakiingii.

Kwa Windows 11, Microsoft wanataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo G3 inapigwa kwa kulazimisha. Chukua flashi ya GB 8, tumia Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kupigia Windows), chagua GPT, na weka tiki kwenye kisanduku cha kuondoa masharti ya RAM, Secure Boot na TPM. Kwenye HP, F10 inaingia BIOS: zima Legacy (uwashaji wa kizamani), acha UEFI (wa kisasa). F9 inachagua flashi. Apdeti za kila mwezi kwa kawaida zinaingia, ila toleo kubwa la mwaka mara nyingi utalipiga tena kwa mkono.

Ukimaliza, usihukumu siku ya kwanza. Indeksi na apdeti bado zinakula mashine. Zima vinavyojiwasha kwenye Startup apps. Kwenye Settings, Accessibility, Visual effects, zima Transparency na Animation. Halafu kuna mtego: Windows Security itakuonyesha alama ya njano ikikusihi uwashe Memory integrity, kinga inayozuia programu mbaya kuingia kwenye kiini cha Windows. Prosesa za kizazi cha 7 kwenda juu zina msaada wa kazi hiyo ndani ya chipu yenyewe. Kizazi cha 6 kinaiigiza kwa programu, na kasi inashuka. Ni ulinzi wa kweli, lakini kwenye G3 gharama yake ni kubwa. Sisi tunaiacha imezimwa.

Kama ulipandisha kutoka Windows 10 bila kufuta, una siku 10 za kurudi kupitia System, Recovery, Go back. Baada ya hapo folda ya Windows.old inafutwa na njia imefungwa.

Mwenye GB 4 asiye na hela ya SSD wala RAM abaki Windows 10. Msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, lakini ukijiandikisha ESU (mpango wa Microsoft wa apdeti za ziada), apdeti za usalama zinaendelea hadi 13 Oktoba 2026. Na mwenye laptopu kongwe ya prosesa ya Core 2 Duo asipoteze flashi: toleo la 24H2 linadai amri ya POPCNT ambayo chipu hiyo haina. Haitawaka kabisa.