Nimeuziwa "Kwatsi" ya Elfu Nane, Tuikague

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo niko Capri Point, Mwanza, na hasira zangu. Hiki kipande, saizi ya kiberiti, nimeuziwa elfu nane pale mjini. Jamaa kaniapia kabisa: "Broo, hii kwatsi ya pinki." Kwatsi wapi! Kwatsi ni madini yanayofanana na kioo; hii ni felspa, madini mengine kabisa.

Rangi mnaiona, naruka. Sogeza kamera. Naigeuza juani taratibu... bado... bado... hapo! Umeona uso mzima ulivyowaka kwa mpigo, kama saiti mira ya bodaboda? Narudia. Giza, giza, paah! Uso unawaka hivyo kwa sababu ni bapa: felspa ukiipiga inapasukia kwenye njia zake mbili bapa, na njia hizo zinakutana karibu mraba. Nachukua boksi la kiberiti, naegesha kona yake hapa... imekaa, hata wembe haupiti. Ndiyo maana ndugu mmoja wa ukoo huu anaitwa othoklasi, Kigiriki hicho, "kupasuka kwa mnyoofu". Kwatsi haina adabu hiyo, inavunjika mibonyeo-mibonyeo kama chupa ya soda.

Sasa kisu cha jikoni. Nakwaruza... mnaona mstari wa kijivu? Msinishangilie mapema. Nafuta kwa kidole, umetoka. Hicho ni chuma cha kisu kilichobaki juu, jiwe halijaguswa. Lakini kwatsi halisi hii hapa, naipitisha juu ya jiwe langu... mchubuko! Kwenye kipimo cha Mohs, cha ugumu wa madini, felspa ni 6, kwatsi 7, na gumu zaidi ndilo linalochubua jingine. Kesi imeisha.

Kinachoniuma ni bei. Geuza kamera kule kwenye miamba. Itale (graniti) yote hiyo, chembe za pinki na nyeupe ni felspa, zile za kijivu kama kioo ni kwatsi, vinavyometameta ni ulanga (maika). Zaidi ya nusu ya gamba la dunia ni felspa! Kina mama wanaoponda kokoto wanaipiga nyundo kutwa nzima, mimi natoa elfu nane. Hata kikombe chako cha kauri na vigae vya sebuleni, felspa imo, ndiyo inayosaidia udongo kuyeyuka na kushikana tanuruni.

 

Jiwe nalipatia nyota nne, muuzaji sifuri. Nilipanga kulirudisha leo leo. Ila subiri, niligeuze mara moja tu... taratibu... hapo! Dah. Silirudishi.