Wiki Nne na Mgeni wa Kujitolea: Tathmini ya Wakala Aliyemleta

Mwezi uliopita nilimsindikiza hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta binti wa miaka 22 kutoka Uholanzi, ambaye alikuwa amekaa kwangu Buruburu kwa wiki nne huku akijitolea katika makao ya watoto upande wa Dagoretti. Aliyemleta ni wakala wa safari za kujitolea mwenye ofisi hapa Nairobi, naye alinilipa shilingi 1,800 kwa siku kwa malazi na chakula. Kwa kuwa mara nyingi niligeuka mkalimani wa mgeni wangu, niliiona huduma hii nikiwa nyumbani na nikiwa kule makaoni pia. Kati ya nyota tano, ninaipa mbili.

Hizo mbili ni haki yake. Dereva alifika uwanjani kabla ya ndege kutua, mgeni alisaidiwa kusajili laini ya simu siku hiyo hiyo, na malipo yangu yaliingia kwa M-Pesa kila Ijumaa bila mimi kukumbusha mtu, jambo ambalo yeyote aliyewahi kudai kodi katika mji huu analijua thamani yake. Brosha ilidai kwamba makao yako nusu saa kutoka kwa mwenyeji. Aliyeiandika hajapata kutoka Buruburu kwenda Dagoretti asubuhi ya mvua, akibadilisha matatu mjini.

Kasoro kubwa ni kazi yenyewe. Mgeni wangu amesomea uhasibu, lakini alipangiwa kulea watoto wasiozidi miaka sita, na hakuna aliyemdai hata hati ya tabia njema ya polisi wa kwao. Siku ya kwanza, kabla hajavua begi, mvulana mmoja alimpanda mapajani, akaishika saa yake ya mkononi na kuuliza, "Anti, unaenda lini?" Jina hakuuliza. Nilipomtafsiria, binti alicheka akidhani ni utani, ila mama mlezi aliyekuwa akikunja nguo nyuma yetu hakucheka. Baadaye alinieleza kwamba tangu Januari mtoto yule alikuwa amezoeshwa wageni tisa, kwamba kila mmoja anapoondoka yeye hukojoa kitandani siku kadhaa, na kwamba shuka hizo hazifuliwi na wageni.

Brosha inawaita watoto hao wote yatima. Mama yake mvulana yule yu hai, anafua nguo za watu Kawangware, na Jumapili nilimkuta amemletea mwanawe ndizi mbili ndani ya mfuko wa kitenge. Hali hiyo si ya makao haya peke yake, kwa maana sehemu kubwa ya watoto wanaoishi katika makao duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kinachowafikisha huko mara nyingi ni umaskini, karo na ugonjwa. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia; Umoja wa Mataifa nao ulionya kuhusu utalii wa kujitolea katika makao ya yatima Desemba 2019. Wakala anayeuza safari hizi leo hawezi kusema kwamba habari hazijamfikia.

Kuhusu karatasi, mgeni alishauriwa aingie nchini kama mtalii, ilhali mbele ya Idara ya Uhamiaji kujitolea bila mshahara pia ni kazi, nayo inahitaji kibali au pasi maalumu. Angekamatwa, wa kurudishwa kwao angekuwa yeye, na wakala angebaki na ada yake.

Jambo moja lilifaulu, nalo halikuwa kwenye ratiba. Wiki ya mwisho, binti aliomba kuketi siku tatu na karani wa makao, wakapanga upya daftari la matumizi ya unga, maziwa na gesi, lililokuwa na miezi mitatu isiyojumlishwa. Karani yule bado analitumia, na juzi alinipigia simu kunieleza kwa furaha kwamba amegundua walikuwa wakilipia mtungi mmoja wa gesi mara mbili. Kwa siku hizo tatu tu ningeongeza nyota, kama zingekuwa wazo la wakala.

Wakala ameniuliza kama nitapokea mgeni mwingine Agosti. Nimemjibu kwamba chumba kipo, kwa mgeni atakayekuja na kibali mkononi na kupangiwa ofisini au kuwafundisha walezi jambo analolijua, asiyepangiwa kubeba watoto. Hiyo ni wiki ya pili sasa, na ujumbe wangu umesomwa, haujajibiwa.