Uache rangi moja kwenye picha kwa programu ipi? Nimezipanga kwa mtihani wa kanga ya kisutu

Kila msimu wa harusi lazima atokee mteja mwenye picha kwenye simu yake: kila kitu kijivu, ua moja tu jekundu. "Nataka hivi hivi." Na mteja akishaondoka, kijana anayejifunza kazi studio huniuliza anunue programu gani ili naye aweze kufanya hivyo. Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi mno, leo naliandika.

Mtindo wenyewe una maadui. Wapo wapiga picha wanaouona wa kizamani, hasa pale mtu anapoacha macho tu yana rangi, mhusika akaonekana kama paka usiku. Mimi naukubali kwa sharti moja: kile kinachobaki na rangi kiwe ndicho picha inachokizungumzia. Ndiyo maana picha yangu ya mtihani ni ya bi harusi aliyejifunga kanga ya kisutu, ameketi barazani, hina mikononi, ukuta wa chokaa nyuma yake na kipande cha udongo wa uani mbele. Kisutu tayari ni nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ukiondoa rangi kila mahali isipokuwa kwenye wekundu ule, kanga inabaki kanga na kila kingine kinarudi nyuma.

Inaonekana kazi ya dakika mbili. Jaribu uone. Kwa hesabu za kompyuta, ngozi zetu ni rangi ya machungwa iliyokolea, inayoelekea nyekundu. Midomo nayo nyekundu, hina ni nyekundu yenye kahawia, udongo wa uani vilevile. Programu inayokuuliza "rangi gani ibaki?" ukaijibu "nyekundu" itakuletea kisutu, midomo, nusu ya shavu, viganja na kiraka cha ardhi. Video nyingi za mafunzo hutumia mwavuli wa njano kwenye barabara ya lami, na pale rangi haigombani na kitu. Huku kwetu inagombana na kila kitu.

Kwa hiyo nimezipima kwa swali moja: inachagua kwa rangi, au inakuachia uchague mwenyewe kwa brashi? Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa maski. Ichukulie kama karatasi ya kijivu iliyolazwa juu ya picha ya rangi. Unapopaka brashi nyeusi unatoboa tundu na rangi ya chini inaonekana, ukipaka nyeupe unaliziba. Picha yenyewe haiguswi, hivyo hata kesho unaweza kurekebisha.

Ya kwanza: Snapseed

Ni ya simu, Android na iPhone, ya bure, haina matangazo. Google waliipata mwaka 2012 walipoinunua kampuni ya Nik Software. Wengi wanayo tayari na wanaitumia kuongeza mwanga tu, hawajui kwamba maski imo ndani.

Imefichwa kidogo. Fungua picha, nenda kwenye vifaa, chagua cha nyeusi na nyeupe, kubali. Picha yote imekuwa kijivu. Sasa usihifadhi. Juu ya kioo kuna alama ya matabaka. Iguse, fungua orodha ya mabadiliko uliyofanya, gusa lile la nyeusi na nyeupe, kisha chagua brashi. Hapo unapaka kwa kidole sehemu zinazotakiwa kuwa kijivu, au unageuza maski ili yote iwe kijivu halafu unashusha namba ya brashi hadi 0 na kufuta juu ya kanga. Alama huhamahama toleo hadi toleo, ila njia ni hiyo.

Kasoro yake ni kwamba brashi haina kipimo cha ukubwa. Ukitaka iwe ndogo, unaivuta picha karibu. Ukitaka kubwa, unairudisha mbali. Wanafunzi wangu hulalamika siku ya kwanza, siku ya tatu wamesahau. Kubwa zaidi ni kidole chenyewe: kinafunika palepale unapopaka. Kwenye pindo la kisutu, lenye mistari na vidoto, nilitumia karibu dakika ishirini, na bado ukingo ulitoka laini kuliko nilivyotaka. Kwa picha ya Instagram au ya statasi hakuna atakayeona. Kwa picha ya kutundika ukutani, wataona.

Hata hivyo naiweka ya kwanza, maana ninachokipanga hapa ni cha kujifunzia. Mtu akimaliza wiki na Snapseed anajua maski ni nini, na kila programu nyingine hapa chini inakuwa nyepesi kwake.

Ya pili: Photopea

Hii haifunguki kwenye simu kwa raha, ni ya kompyuta, na haisakinishwi. Inafanya kazi ndani ya kivinjari kama ukurasa wowote wa intaneti. Ilianzishwa mwaka 2013 na Ivan Kutskir, na imejengwa ikifanana sana na Photoshop, hata vifupisho vya kibodi ni vilevile. Unaweza kuitumia kwenye kompyuta ya ofisi, ya chuo au ya kuazima. Picha haipandishwi kwenye seva yao, inahaririwa kwenye mashine yako, kwa hiyo bando linalolika ni la kufungulia ukurasa.

Njia ninayoifundisha: weka juu ya picha tabaka la marekebisho la nyeusi na nyeupe, ndiyo ile karatasi yetu ya kijivu. Tabaka hilo huja na maski yake tayari. Chukua brashi, rangi iwe nyeusi, bofya kwenye maski, paka kanga. Umekosea na kuingia mkononi? Bonyeza X, rangi inageuka nyeupe, paka kuziba. Mabano ya mraba kwenye kibodi hukuza na kupunguza brashi. Fanya kazi picha ikiwa imevutwa hadi asilimia 200 hivi, brashi iwe ngumu kwenye pindo na laini kwenye mikunjo.

Kuna faida nyingine ambayo wanaoanza huiruka. Tabaka hilo lina vitelezi vya kila rangi, yaani vitufe vya kuvuta kushoto na kulia, vya kuamua nyekundu igeuke kijivu cha giza au cha mwanga, njano vivyo hivyo. Ukiondoa rangi kwa kubofya tu, ngozi nyeusi mara nyingi hutoka kama majivu, uso unazama. Ukipandisha kitelezi cha nyekundu na cha njano kidogo kidogo, uso wa bi harusi unang'aa tena na ukuta unabaki mahali pake. Nimeona picha nyingi za kazi hii ambamo ua jekundu limependeza na mwenye sherehe ameonekana mgonjwa, kwa sababu fundi alishughulikia rangi akasahau kijivu.

Matangazo yapo pembeni ya kioo. Kuyaondoa ni dola 5 kwa mwezi. Sijawahi kulipa.

Ya tatu: GIMP, na Affinity kwa mwenye mashine nzuri

Nimeziweka pamoja kwa sababu uamuzi kati yake ni wa laptopu yako, si wa ladha.

GIMP ni ya bure tangu ilipoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1995. Inakwenda Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha huhitaji intaneti tena. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na sasa baadhi ya athari unaweza kurudi kuzirekebisha baada ya kuziweka, jambo ambalo zamani lilikuwa kero yake kubwa. Kwa rangi moja: nakili tabaka, la juu liondoe rangi, liongezee maski, paka nyeusi juu ya kanga. Matokeo ya kisutu yalikuwa sawasawa na ya Photopea. Ila menyu zake zina mpangilio wake wa kipekee, na anayeanza hupotea humo.

Affinity ndiyo iliyobadilisha hesabu. Miaka mingi ilikuwa ya kununua mara moja. Mwaka 2024 Canva waliinunua kampuni iliyoitengeneza, na Oktoba 2025 wakaitoa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Kinacholipiwa ni vile vya akili bandia. Kifaa chake cha kuchagua umbo kinafuata ukingo wa kanga vizuri, nikabakiwa na kazi ya kusafisha vidole tu. Laptopu yako ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kutosha, irushe hadi nafasi ya pili. Ikiwa ni ile inayovuma kama jenereta ukifungua kurasa tatu, baki na GIMP.

Ya nne: Photoshop Elements

Hii ndiyo ya kulipia, na soma vizuri kabla hujatoa kadi. Zamani ukinunua Elements ilikuwa yako. Kuanzia toleo la 2025, leseni inaisha baada ya miaka mitatu. Bei yake ya kawaida ni dola 99.99. Haijirudii yenyewe kukata pesa, hilo ni zuri, lakini usidanganyike kwamba umenunua cha kudumu.

Unachokipata ni kushikwa mkono. Ina sehemu ya maelekezo ya hatua kwa hatua, na mojawapo ni hii hii ya kuacha rangi: unachagua nyekundu, njano, bluu au kijani, au rangi yako mwenyewe, unaongeza au kupunguza upana wa rangi, kisha unasahihisha kwa brashi. Kwenye kisutu ilianza vibaya, midomo na hina vikabaki na rangi, lakini brashi ikaokoa. Mzazi anayetengeneza albamu ya familia na hataki kusikia neno maski ataipenda. Kijana anayetaka kuifanya kazi aiache, kwani itamzoesha vitufe ambavyo havipo kwingine.

Adobe, wenye Elements, wanataka kadi. Kenya kuna M-PESA GlobalPay tangu 2022, na Tanzania M-Pesa ya Vodacom nayo inatoa kadi ya Visa ya mtandaoni.

Nisizozipendekeza kwa kazi hii

Lightroom ya simu ni programu nzuri na naitumia kila siku kwa mengine. Ya bure ina vitelezi vya rangi nane, lakini maski ni ya wanaolipa. Ukishusha saba na kuacha nyekundu, uso wa bi harusi unatoka na mabaka, hapa kijivu, hapa pinki. Daladala ya bluu barabarani au rundo la machungwa kwenye meza ya kijivu itakupa bila jasho.

Wenye Samsung Galaxy wana kitu kama hicho ndani ya galari yao, kimeandikwa "Spot color". Kigeni kwa dakika tano, kinafurahisha, lakini kinachagua kwa rangi.

Na zile apu ndogo zilizojaa dukani zenye ahadi ya kazi hii kwa mguso mmoja: tangazo kila baada ya hatua mbili, nembo yao kwenye kona ya picha yako. Pita.

Kuhusu Photoshop ya kuchakachua inayouzwa kwenye flashi, niliwahi kuinunua nilipoanza. Ilikuja na virusi vilivyofunga faili zangu zote, zikiwemo picha za harusi ambazo nilikuwa sijazikabidhi. Tangu siku hiyo sibishani na mtu kuhusu bei ya bure.

Pesa iende wapi

Kwenye mausi. Kupaka maski kwa padi ya laptopu ni kama kushona kwa glavu. Mausi ya waya ya kawaida haizidi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, na itakupa ukingo safi kuliko programu yoyote ya kulipia. Anayefanya kazi nyingi aangalie tableti ndogo ya kuchorea yenye kalamu, lakini si mwezi wa kwanza.

Kisha dai faili halisi. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, na ubanaji wa JPEG, aina ya faili ya picha za kawaida, huhifadhi mwanga kwa undani na rangi kwa uchache. Mara nyingi pikseli nne, yaani vidoto vinavyounda picha, hugawana rangi moja. Ndiyo maana wekundu wa kanga unaonekana umemwagikia mkono hata kama brashi yako haikukosea. Mwambie mteja aitume kama dokumenti.

Na kama picha itachapishwa, toa kwanza nakala moja ndogo. Mashine nyingi za kusafishia picha hutengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi, na zisipopimwa vizuri kijivu hutoka na ukijani au uzambarau. Kwenye picha ya rangi huoni. Kwenye hii, pembeni ya kisutu chekundu, unaona ukiwa bado mlangoni. Mpelekee fundi nakala hiyo mkononi, mwonyeshe, arekebishe, ndipo uagize ile kubwa.