Uzoefu wangu: kurekebisha jointi ya nyasi bandia kwenye kiwanja cha nyumbani

Nyuma ya nyumba yetu Tegeta tuna kiwanja kidogo cha mpira cha nyasi bandia, mita 20 kwa 12. Tulikitandika miaka minne iliyopita kwa ajili ya wanangu, na sasa jioni watoto wa mtaa mzima wako pale. Kapeti yetu ililetwa kwa roli za upana wa mita 4, kwa hiyo zililala roli tatu zenye jointi mbili kati yake. Jointi ya upande wa geti ndiyo iliyonitesa.

Masika ya mwaka jana yalipoisha ilianza kufunguka. Mwanzo ulikuwa ufa wa kuingiza kucha tu. Miezi miwili baadaye mkono mzima ulikuwa unapita chini ya kapeti, kwa urefu wa mita 7 hivi. Mwanangu wa kati alikuwa anakimbiza mpira, ncha ya kiatu ikanasa pale, akateguka kifundo cha mguu. Wiki tatu hakucheza. Nikaita fundi siku hiyo hiyo.

Huyo wa kwanza alikuja na kopo la gundi ya kubandikia kapeti za sebuleni na paketi ya misumari ya zege. Alinyanyua ukingo, akapaka gundi juu ya mchanga uliokuwa umejaa mle ndani, akagongelea misumari, akachukua elfu themanini yake akaondoka. Saa moja tu. Wiki ya sita vichwa vya misumari vikaanza kuchungulia kwenye nyasi, mahali ambapo watoto wanaanguka kwa magoti. Niliichomoa yote kwa koleo, 31. Nilipompigia hakupokea.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Tuliahidiana Jumatatu, akatokea Jumatano, na hilo sikulipenda. Lakini alifika saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu jua likishapanda kapeti inatanuka na gundi inakauka juu kabla hujailaza. Hakufungua mkoba wa vifaa kwanza. Alipiga magoti, akashika tepu ya zamani iliyo chini ya jointi, akaivuta. Ikatoka nzima.

"Mama, hebu njoo uone hapa."

Juu ya tepu gundi ilikuwa imekauka katika mistari iliyosimama, kama matuta ya viazi. Akaniambia hayo ni meno ya mwiko aliotumia fundi aliyetandika uwanja. Kapeti ingekandamizwa gundi ikiwa bado mbichi, matuta yangelala na kushika mgongo wa kapeti. Nikageuza ukingo wa kapeti kuangalia, kweli, mgongo ulikuwa mweusi safi, gundi haikugusa sehemu kubwa. Maana yake jointi yangu haikuwahi kushika tangu siku ya kwanza. Ilikuwa imetulia kwa uzito tu wa mchanga unaomwagwa kati ya nyasi, na maji ya masika yalipouhamisha, ikaachia.

Zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa kusafisha. Alichokonoa ule mchanga na punje za mpira zinazojazwa pamoja nao kwa brashi ngumu, sentimita 40 kila upande, akazijaza kwenye viroba ili azirudishe. Akakwangua gundi ya zamani na ya yule wa misumari, akafuta vumbi, akaacha pakauke kabisa. Kingo zilizochanika akazipunguza kwa kisu kikali, akifuata mstari wa mishono ya nyasi. Tepu ya zamani ilikuwa ya sentimita 15. Yeye alilaza ya 30, upande laini ukiwa chini.

Gundi aliyotumia ni ile ya poliyurethani ya makopo mawili, unachanganya la kwanza na la pili. Mita 7 zilikula kilo 3. Alichanganya kidogo kidogo, kwa sababu kwa joto la Dar ikikaa inagandia kwenye ndoo. Akaipaka kwa mwiko wa meno, akasubiri, akawa anaigusa kwa kidole mpaka ikavuta uzi. Hapo ndipo alipolaza upande mmoja, halafu wa pili, akiacha nafasi ya milimita 2 hivi. Nyasi zilizotaka kunasa kwenye gundi alizivuta nje kwa ncha ya msumari, moja moja, kama msusi anayegawa nywele. Mita 7 zote namna hiyo! Akapitisha rola nzito, akapanga viroba vya mchanga juu, akaniambia watoto wasikanyage siku mbili.

Nilimlipa laki nne na nusu, vifaa vyake na ufundi. Ni pesa nyingi kwa mita 7, na bado naona ni halali yake. Kasoro ni mbili ukiacha siku alizochelewa. Alirudisha punje za mpira chache kuliko alizotoa, kwa hiyo mstari ule ukawa chini kidogo na ulionekana hata kutoka barazani. Nilinunua kiroba kimoja nikajazia mwenyewe na kupiga brashi. Halafu dhamana hakuitaja mpaka nilipomdai, ndipo akaandika miezi sita nyuma ya risiti.

Hiyo ilikuwa Januari. Masika ya mwaka huu yamepita, maji yamesimama pale zaidi ya mara moja, na nikipitisha vidole sipati pa kuingiza hata kucha. Kama uwanja wako umeanza kuachia, muulize fundi anatumia gundi gani na tepu ya upana gani, na ukimwona anataka kupaka gundi kabla hajatoa mchanga, msimamishe hapo hapo.

Jumamosi iliyopita nilinyanyua kona ya jointi ya pili, ile ya upande wa jikoni, ambayo haijawahi kunisumbua. Chini yake matuta ya gundi yamesimama vilevile. Nimeshaongea na fundi, atakuja Agosti, kabla vuli haijaanza.