Boksi la ORS na zinki: zuri kuliko chupa ya flajili, ila lina kasoro moja

Ukisema dukani kwamba mtoto anaharisha, mara nyingi utapewa flajili, pengine na septrini juu yake. Ulizia boksi lenye ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki pamoja. WHO ililiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto mwaka 2019, na linastahili.

Kasoro yake ni ukubwa wa pakiti. Nyingi ni za gramu 20.5, za lita moja kamili, wakati mtoto wa chini ya miaka 2 hunywa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, na mchanganyiko haufai kupita saa 24. Matokeo yake watu hukadiria nusu pakiti kwa jicho, au huimimina yote kwenye chupa ndogo ya soda. Chumvi na sukari zikizidi, maji hutoka mwilini kuingia utumboni na kuharisha huongezeka. Ukikuta boksi lenye pakiti za nusu lita, chukua hilo hata kama bei imezidi kidogo. Usipolipata, pima maji safi kwa chupa mbili za nusu lita, tia unga wote, na kitakachobaki kesho yake kimwage. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko cha chai kila baada ya dakika mbili au tatu.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha choo kikishakaza, na hapo hupoteza kinga ya miezi 2 hadi 3 ijayo. Boksi lingeandika hilo kwa herufi kubwa.

Flajili huua vimelea vya amiba na giadia. Bakteria wa Shigela na E. koli haiwadhuru, wala virusi vya rota, nao pia huharisha watoto. Septrini nayo Shigela wengi wameshaizoea, kwa kuwa bakteria wa tumboni hupeana vinasaba vya usugu, na kila dozi isiyohitajika huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu.

Choo chenye damu ni suala jingine: hapo antibiotiki inahitajika, kwa kawaida siprofloksasini miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, siku 3, na iandikwe kituo cha afya. Macho yakizama au mtoto akishindwa kunywa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.