Tafu ya kukodi ya mtaani kwetu: nyasi safi, bei inauma, na watoto wako nje ya waya

Miezi mitatu sasa kila Alhamisi saa mbili usiku tuko pale, kwa hiyo naweza kuiongelea hii tafu, yaani uwanja mdogo wa nyasi za plastiki, bila kubahatisha. Jina lake sitalitaja kwa sababu kuna jambo moja walitufanyia sikulipenda na sitaki kumharibia mtu biashara, ila watu wa upande wetu huu wa Kampala watajua nasema wapi, ni ile yenye waya mrefu wa kijani na mataa manne.

Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili, wengi tunauza spea na wengine ni wa boda, kuna wa Arua, kuna wa Bwera kule Kasese, Wakongo wawili, na mmoja wa Busia ambaye ndo kipa wetu, kwa hiyo uwanjani lugha ni Kiswahili tu, kila mtu anaitisha mpira kwa Kiswahili na anakosolewa kwa Kiswahili. Tunacheza sita kwa sita. Uwanja wenyewe ni kama mita 40 kwa 20 hivi, nimeupima kwa hatua zangu, na kwa sita kwa sita unabana kidogo lakini inakufanya ucheze haraka, ukikaa na mpira sekunde mbili umeshanyang'anywa.

Nyasi ni nzuri, hilo niliseme wazi. Mpira hauruki ovyo, pasi ya chini inafika pale ulipoituma, na mvua ikinyesha saa kumi jioni, saa mbili usiku unacheza kama hakukuwa na kitu kwa sababu maji yanapenya chini. Mtu aliyekulia kwenye maram, ule udongo mwekundu wa changarawe, anajua hiyo ni kitu gani, sisi tulizoea mvua moja inafuta mazoezi ya siku tatu. Mataa yanawaka vizuri, kona moja tu upande wa choo iko na giza na kipa wetu amelalamika mara nyingi. Neti za magoli ni nzima. Wanatoa vesti za rangi mbili bure na wanazifua kweli, hazinuki, kuna sehemu nyingine nimecheza unapewa vesti ina jasho la timu ya jana.

Bei ni shilingi 120,000 za Uganda kwa saa ukitaka usiku. Kila mtu anatoa elfu kumi. Unatuma nusu kwa mobail mani ndo wanakuandikia saa yako, nusu unalipa getini. Asubuhi ni 70,000 lakini nani ana saa moja asubuhi ya kucheza mpira, mimi saa hiyo nafungua duka. Kwa mtu wa spea elfu kumi kwa wiki inawezekana, kwa kijana wa boda ambaye bado analipia pikipiki ya mkopo hiyo elfu kumi ni mafuta, na wawili kati yetu wameshaacha kuja, hawakusema ni pesa lakini sote tunajua ni pesa.

Sasa lile jambo. Wiki ya sita tulifika na nusu tumeshalipa na tukakuta watu wa ofisi fulani wamo ndani wanacheza na jezi mpya, meneja akatuambia kulikuwa na kuchanganyikiwa kwenye kitabu, kumbe wale walikuwa wamelipa masaa mawili kwa mkupuo akaona sisi ni wa kusubiri. Tulisubiri mpaka saa nne usiku. Alituomba radhi na akaturudishia 30,000, nashukuru kwa hilo, lakini mtu ametoka Namanve kazini amekuja moja kwa moja na begi lake mgongoni, unamwambia asubiri masaa mawili kwenye baridi? Tangu siku hiyo natuma pesa yote mapema na nahifadhi ile meseji.

Mambo mengine madogo. Choo ni kimoja. Maji ya kunywa hakuna, ni ya kununua dirishani, chupa kwa bei ya juu kuliko dukani, beba yako. Sanduku la huduma ya kwanza lipo ukutani lakini siku kijana wetu aliposokota enka, kifundo cha mguu, ndani mlikuwa na mkasi na plasta mbili tu. Zile punje nyeusi za mpira wa tairi walizomwaga kwenye nyasi zinaingia kwenye viatu, kwenye soksi, nyumbani mke wangu anazifagia mpaka Jumapili. Mchana jua likiwa kali usilete mtoto pale peku, inachoma kweli, nyasi za plastiki zinashika joto kuliko udongo. Na hizo punje zenyewe Umoja wa Ulaya walipitisha mwaka 2023 sheria ya kusimamisha uuzaji wake kwa viwanja, wameweka muda mpaka 2031, sababu ni vile vipande vidogo vya plastiki vinavyosambaa kwenye udongo na maji. Na hapa kwetu mfereji uko mita chache kutoka ule waya, kila mvua kubwa naona punje nyeusi zimejipanga kwenye ukingo.

Lakini kitu kinachonifanya niandike haya yote ni watoto. Kila Alhamisi wako kumi, wakati mwingine kumi na tano, wameshika waya kwa vidole wanaangalia. Mpira ukitoka nje wanagombania kuurudisha, na yule atakayeufikia anaupiga danadana mbili tatu kabla hajaurusha, ndo mchezo wake wa siku nzima huo. Mmoja wa miaka kama kumi ana mguu wa kushoto ambao sisi wote kumi na wawili hatuna. Askari anawafukuza, wanarudi.

Hawa watoto walikuwa na uwanja. Mimi nimefika mtaa huu 2009, kulikuwa na kiwanja cha umma, ardhi ya serikali, maram tupu na goli za miti, Jumamosi timu nne zinacheza na akina mama wanauza karanga na mabungo pembeni. Kwanza ikaja maroli mawili kulala usiku. Alafu ikawa maroli ya mchana pia. Alafu makontena, kinyozi, mauzo ya mchanga na kokoto, na kila mmoja ana risiti ya kulipa kitu fulani kwa mtu fulani. Sehemu iliyobaki iko chini, mvua ikinyesha inakuwa bwawa. Hakuna siku mtu alisimama akasema uwanja umefungwa, uliisha tu kidogo kidogo huku tunaangalia, na mimi ni mmoja wa walioangalia.

Mwaka jana kulikuwa na kikao cha mtaa kuhusu mambo ya kupeleka juu kwenye bajeti, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, alituita chini ya mwembe, watu walijaa. Vijana walitaka kile kiwanja kisawazishwe, maroli yaondolewe, wawekewe uzio na goli za chuma. Ndo mzozo ukaanza. Mama mmoja anayeuza matoke alisimama akasema nyinyi mnataka nyasi na mfereji wetu haujazibuliwa, mwaka jana maji yaliingia kwangu mpaka kitandani, pesa ya serikali ianze na mfereji. Watu walimpigia makofi na hata mimi nilipiga, kwa sababu mafuriko ya Kampala si hadithi, yanaua watu. Mzee mwingine akasema kituo cha afya hakina dawa nyinyi mnaongelea mpira. Kansela, yaani diwani wetu, alikaa katikati, akasema yote ni muhimu, maneno ambayo hayakumsaidia mtu.

Nimefikiria sana yale ya mama matoke. Yuko sawa kuhusu mfereji, lakini sikubali kwamba lazima tuchague. Kile kiwanja kiko chini, ndo maana kinajaa maji, na mtu wa ujenzi tunayecheza naye alitueleza vizuri, ukikichonga na kukiwekea mitaro pembeni, mvua kubwa ikija maji yanakaa pale masaa machache badala ya kuingia kwenye nyumba za watu, kesho yake kinakauka watoto wanacheza. Ukikiacha kikajengwa makontena na sakafu ya simenti maji yote yanakimbilia kwa mama. Kwa hiyo uwanja na mfereji ni kazi moja, ila kwenye kikao vilikaa kama maadui.

Na hesabu ya pesa, tuiweke wazi. Sisi peke yetu kwa mwaka tukicheza kila wiki tunamwaga 6,240,000 pale kwenye tafu. Wakijaza masaa matano kila usiku ni laki sita, kwa wiki moja ni milioni nne na laki mbili. Hizo zote zinatoka kwenye mifuko ya watu wa hapa hapa, watu ambao kwenye kikao waliambiwa hakuna pesa ya uwanja. Simlaumu mwenye tafu hata kidogo, yeye ameweka mtaji wake, amelipa umeme, ameajiri vijana watano. Aliona pengo akaliziba. Pengo ndo linaniuma.

Kuna watu wanasema sisi tunaoongelea viwanja vidogo tunapinga vile vikubwa. Mimi sipingi. Namboole, uwanja wetu wa taifa, nilikuwepo Agosti 2025 tukicheza na Afrika Kusini kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, tuko nyuma 3–1, dakika za mwisho kabisa penalti, alafu penalti nyingine, 3–3, tukaingia robo fainali, nililia mbele ya watu na sioni aibu. Ule uwanja ulijengwa kwa msaada wa China ukafunguliwa 1997, ukachoka mpaka ukafungwa, Cranes, timu yetu ya taifa, ikawa inacheza mechi za nyumbani Misri na Kameruni, alafu wahandisi wa jeshi wakaufufua na timu ikarudi Juni 2024. Hiyo pesa ilikuwa na maana. Hoima nayo wamejengewa uwanja wa watu elfu 20 na kampuni ya Summa ya Uturuki, kwa ajili ya AFCON 2027 tutakayoandaa na Kenya na Tanzania. Sawa kabisa, tuandae, tujaze viti.

Lakini nani atacheza mbele ya hivyo viti? Phillip Omondi, ambaye uwanja wa Lugogo una jina lake, alikuwemo kwenye Cranes ya 1978 iliyofika fainali ya Afrika Accra ikafungwa na Ghana 2–0, na tangu mwaka huo hatujaiona fainali tena. Watoto hawaanzii Namboole. Wanaanzia mahali wanapoweza kufika kwa miguu baada ya shule, wakaingia bila kulipa, wakacheza mpaka mama aite. Ukikiondoa hicho huwezi kukinunua baadaye kwa uwanja mkubwa.

Na wasichana ndo hawaongelewi kabisa. She Cranes, timu yetu ya taifa ya wanawake, walimaliza nafasi ya 5 kwenye Kombe la Dunia la netiboli Cape Town 2023, ya tano duniani jamani, na mtaani kwetu hakuna hata nguzo moja ya netiboli. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, makontena matatu tu yakisogezwa nafasi inapatikana, unahitaji simenti iliyolainishwa, nguzo mbili na rangi ya kuchora mistari. Pale kwenye tafu katika hiyo miezi mitatu sijaona saa hata moja ya wasichana, nilimuuliza meneja akasema hawajawahi kuja kukodi. Watakuja na pesa gani?

Kitu kimoja meneja amefanya nampa heshima. Nilimuomba, nikamwambia Jumamosi saa moja asubuhi mpaka saa mbili hakuna mtu anayekodi, uwanja umelala, waachie watoto. Alifikiria wiki mbili, akakubali kwa sharti awepo mtu mzima wa kuwajibika. Sasa tunapokezana, mimi na kipa na Mkongo mmoja ambaye alicheza ligi kule Bukavu, wiki iliyopita walikuja watoto ishirini na tatu, na wasichana sita humo. Yule wa mguu wa kushoto alifika saa kumi na mbili na nusu, giza bado, amekaa getini na viatu vya kaka yake.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uende kukodi nitakwambia nenda, nyasi saba na nusu kwa kumi, mataa saba, huduma tano, choo na maji tatu. Lipa pesa yote mapema na usifute meseji. Beba maji, beba bandeji yako. Saa ya Alhamisi saa mbili ni yetu, Jumanne mara nyingi iko wazi.

Na kama unakaa mtaa huu, karatasi ya sahihi ya kuomba kile kiwanja kirudishwe iko kwa katibu wa LC1, tumeiandika upya, safari hii mfereji na uwanja wa netiboli viko kwenye ombi moja. Yule mama wa matoke ndo alikuwa wa kwanza kusaini.